Mama Mkwe Ndani ya Mchanga

Picha ya kwanza niliyopiga baharini ilitoka nyeupe tupu, kama maziwa yaliyomwagika juu ya kioo. Kamera ilikuwa imelala kwenye chumba chenye kiyoyozi, na nilipoitoa nje kwenye joto lenzi ikaota jasho. Niliifuta kwa pindo la blauzi, ikaota tena. Mama mkwe wangu alikuwa amesimama kando yangu, sweta begani, akinitazama nikihangaika.

"Si uiache kwanza izoee," akasema. "Hata uji unaachwa upoe."

Nikaiacha juu ya ukuta, tukakaa tukiitazama mpaka ukungu ukatoka wenyewe.

Mimi ni mpiga picha. Nina studio ndogo mjini Kericho, juu ya duka la dawa. Siku za kazi napiga picha za pasipoti na za wanafunzi waliomaliza chuo. Jumamosi napiga harusi. Maharusi hutoka mbali kuja kusimama katikati ya majani chai yetu, na najua mahali pa kumsimamisha bibi harusi ili gauni lisiguse udongo mwekundu. Mwanga wa kwetu naujua pia. Mawingu hukaa juu ya mashamba kama kitambaa cheupe mbele ya taa, na uso wa mtu hutoka laini bila kutafutwa. Halafu alasiri mvua inanyesha na kila mtu anakimbilia garini.

Bahari nilikuwa nimeiona tu kwenye simu. Kabla ya safari nilitazama video nyingi za watu waliokuwa likizo pwani: wasichana wakirusha nywele zenye maji, nyayo zikifutwa na wimbi, mtu akiruka na jua likiwa kati ya miguu yake. Nikajiambia hizo zote nitazipiga, na zaidi. Niliwaza mume wangu akirushia binti yetu maji, na mimi nimelala kifudifudi mchangani na kamera.

Haikuwa hivyo. Safari ilikuwa ya familia nzima, mume wangu ndiye aliyeipanga, lakini siku chache kabla ya kuondoka binti yetu akatoka tetekuwanga mwili mzima. Hoteli ilikuwa imeshalipiwa. Mume wangu akasema atabaki na mtoto.

"Nendeni nyinyi wawili," akasema.

Nyinyi wawili, yaani mimi na mama yake.

Si kwamba tulikuwa na ugomvi. Mama mkwe wangu ni Mkikuyu, ameishi Kericho tangu alipoolewa, na ana duka la sare za shule na sweta karibu na soko. Mimi ni Mkipsigis wa upande wa Roret, mtoto wa wakulima wa chai na ng'ombe wa maziwa. Tangu niolewe, sisi wawili tuliheshimiana kama watu waliokaa benchi moja kanisani bila kujuana: kila mmoja na Biblia yake, kila mmoja akijibana ili asimguse mwenzake. Mimi namwita mama. Yeye ananiita kairitu, ndiyo msichana kwa Kikikuyu, ingawa mimi mwenyewe ni mama wa mtoto wa shule.

Siku ya kwanza alikataa kupigwa picha. Alikaa chini ya paa la makuti na viatu vyake vya kufunga, mkoba mapajani, kama mtu anayengoja kuitwa kwa daktari.

"Piga bahari," aliniambia. "Bahari haizeeki."

Nikapiga bahari. Na bahari ikanishinda. Kufika saa sita jua lilikuwa limesimama juu ya kichwa, mchanga unang'aa kama bati jipya, na kila kitu nilichopiga kilitoka ama cheupe kupita kiasi ama cheusi. Nilimwomba mhudumu mmoja wa hoteli asimame nimpime mwanga. Macho yake yakawa mashimo mawili. Nilikaa kitandani mchana huo nikizitazama picha zangu na kuzifuta moja baada ya nyingine. Nilijiona kama mtu ambaye ni hodari wa kupika ugali tu, sasa amepelekwa jikoni kwa wengine.

Kesho yake niliamka mapema sana. Maji yalikuwa yamepwa, yamerudi mbali, yakaacha mchanga wenye unyevu ambao ulikuwa kioo kabisa. Minazi ilisimama juu na minazi mingine ilining'inia chini yake. Niliinama mpaka kamera ikakaribia kugusa maji, nikapata picha niliyoipenda. Nikapata nyingine ya kaa mdogo akitoka shimoni, macho yamesimama kama vijiti vya kiberiti. Nikapata video ya maji yakiingia kwenye alama ya mguu wangu taratibu na kuijaza.

Nilipoinua kichwa nikamwona mama mkwe. Alikuwa amevua viatu. Alikuwa ameviweka sawasawa, kimoja kando ya kingine, na sasa alikuwa anakanyaga ule mchanga kama mtu anayejaribu sakafu iliyopigwa deki.

"Nionyeshe," akasema.

Nikamwonyesha kwenye kioo cha kamera. Alizitazama polepole, akainamisha kichwa kwa ile ya minazi.

"Hii ni nzuri. Lakini haina rangi. Ungeweka kitu chekundu hapa." Akagusa kona ya chini kwa kucha. Mtu ambaye maisha yake yote amechagua kola ya shati iende na sweta gani haachi kuona rangi. Akaenda chumbani, akarudi na leso nyekundu aliyokuwa amenunua kwa mama mmoja anayepita ufukoni na bidhaa zake kichwani. Akaishika kwa ncha mbili, upepo ukaivuta, ikasimama nyuma yake kama tanga.

"Haya, piga," akasema. "Lakini usinipige uso."

Nilimpiga mgongo, mikono imenyooshwa, leso imejaa upepo. Baada ya hapo hakukaa tena kwenye makuti. Alinishikia kinga-jua cha kioo cha gari, chenye rangi ya fedha, nilichokuja nacho cha kurudishia mwanga, akajifunza haraka kukigeuza. Alinirushia maji kutoka kwenye kikombe ili nipate matone yakiwa hewani. Tulikuwa tunaongea sasa, lakini mambo ya kazi tu: simama hapo, sogea, tena, hii imeharibika.

Adhuhuri tulikaa kivulini tukinywa dafu. Alishika lake kwa mikono miwili, akalitazama kwa muda.

"Mimi nilikuwa na picha ya hapa," akasema.

"Hapa hotelini?"

"Hapana, baharini. Sijui ni wapi hasa. Wakati ule hakukuwa na majumba haya yote."

Baba mkwe wangu alikuwa amefariki kabla mimi sijaolewa. Sikumwona hata siku moja. Nilijua tu kwamba alikuwa dereva wa lori, akibeba chai kutoka kiwandani mpaka Mombasa kwenye mnada. Kumbe mara moja, mwaka waliooana, alimpandisha mkewe mbele ya lori hilo wakaja pamoja. Walishusha chai, kisha akamleta aone bahari. Palikuwa na mpiga picha anayezunguka ufukoni na kamera shingoni, akichukua anwani za watu na kuwatumia picha kwa posta.

"Mimi nilitaka tusimame vizuri," mama mkwe alisema. "Yeye akakataa. Akachimba shimo, akalala ndani, akaniambia, 'Nizike, tuone kama utaolewa tena.' Nikamfunika na mchanga mpaka shingoni. Akabaki kichwa tu, na kofia yake. Halafu akaniambia nikae hapo kando na dafu, nikunje miguu, nisimwangalie. Kama mwanamke tajiri ambaye hana habari na bwana yake." Akacheka, mabega yakatikisika. "Nilicheka mpaka dafu likamwagika kwa nguo. Ndiyo ile ilitoka kwa picha. Nimefungua mdomo namna hii."

"Iko wapi?"

Niliuliza haraka, na kabla hajajibu nilikuwa nimeshajua.

"Iliungua na nyumba," akasema.

Nyumba hiyo niliijua kwa kusikia. Mimi nilikuwa darasa la saba wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi. Nyumba nyingi za Wakikuyu pale Kericho zilichomwa, na familia ya mume wangu ilikimbilia kwa jamaa Nakuru, ikakaa huko mpaka mambo yalipotulia, kisha ikarudi kuanza upya. Kwetu Roret siku zile hazikuwa na jina. Watu walisema "ule wakati" halafu wakaanza kuongea juu ya mvua. Harusi yangu ilikuwa na wasemaji wengi kutoka pande zote mbili, na hakuna aliyeutaja. Nyumbani kwa mama mkwe picha ya baba mkwe ni moja tu, ile ya kitambulisho iliyokuzwa kwa ajili ya mazishi. Imekuzwa mpaka uso umejaa nukta. Nimeipita ukutani miaka yote na nikaona tu kwamba imepigwa vibaya.

"Tuliporudi watu waliniuliza juu ya ng'ombe," mama mkwe aliendelea. "Wakaniuliza cherehani. Wakaniuliza mabati. Picha hakuna aliyeuliza."

Nikasema, "Tunaweza kuipiga tena," nikajuta papo hapo, kwa maana ilikuwa picha ya watu wawili na mmoja hayupo.

Alilinywa dafu lake mpaka likalia tupu. Kisha akafuta mdomo.

"Basi nizike mimi," akasema. "Yeye alilala wakati ule. Leo ni zamu yangu. Wewe utakaa pale kwangu."

"Mama!"

"Unaogopa nini? Huo ni mchanga, si udongo."

Tuliazima beseni kwa askari wa hoteli, mzee wa pwani aliyekuwa akikaa kwenye kiti cha plastiki chini ya mti wa mkungu. Nilimwambia tunataka kupiga picha, na kwa vile nilikuwa na haraka nilisema "bicha", kama tunavyoteleza sisi wa kwetu. Akacheka kwa upole, akatupatia beseni. "Msichimbe mbali huko chini," akasema. "Maji yaja." Niliyatazama maji. Yalikuwa mbali sana. Kwetu maji yakija yanatoka juu, na unayasikia kwanza kwenye mabati ya jirani. Nikamwitikia na tukaenda kuchimba pale pale chini, kwa sababu mchanga wa huko ulikuwa laini na nyuma yake hapakuwa na hoteli wala viti, bahari tupu tu.

Nilichimba kama ninayechimba shimo la kupanda mgomba. Mama mkwe aliingia akakaa, miguu amenyoosha, nikamfunika mpaka mabegani. Mchanga wenye maji ni mzito; kila beseni nililomwaga alitoa pumzi. Alikuwa amenunua kofia ya ukili kwa mchuuzi mmoja, nikamvalisha na kuilaza kidogo upande, kama alivyonielekeza. Nikaweka kamera juu ya stendi yake ya miguu mitatu, nikaishusha chini kabisa ili kichwa cha mama mkwe kiwe mbele na kikubwa, na mstari wa maji upite nyuma ya kofia. Nikaiwasha, nikashika kidude cha kupigia picha kwa mbali. Nikaenda kukaa kando yake na dafu.

"Usikae hivyo," kichwa kikasema. "Umekaa kama uko mkutano wa wazazi. Jilaze. Weka kiwiko. Sasa niangalie kama mtu hunijui."

"Nikuangalie au nisikuangalie?"

"Usiniangalie! Wewe ni tajiri!"

Nikageuza uso. Nikasikia ameanza kucheka, kwanza kwa pua, halafu kwa kifua, mpaka mchanga juu yake ukapasuka nyufa. Nami nikashindwa. Nilibonyeza kile kidude mara nyingi bila kuangalia.

Maji yalipotufikia hayakuja na kelele. Ulimi mwembamba tu ulipita chini ya paja langu, ukaingia kwenye zile nyufa, ukarudi. Tukacheka na hilo pia. Kisha likaja wimbi la pili, likazunguka mabega yake, na lilipoondoka niliona mchanga umeshikana kama saruji.

"Kairitu," akasema, na sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, "miguu yangu haitoki."

Nilitupa dafu nikaanza kuchimba kwa mikono. Nilikuwa natoa konzi moja, maji yanarudisha mbili. Nilimpigia askari kelele. Alikuwa ameshatuona, anakuja mbio, kandambili zimebaki nyuma. Alimshika kwapani, mimi nikachimba upande wa magoti. Wimbi lililofuata lilimpiga mama mkwe kisogoni, likamfunika uso, likachukua kofia, likaangusha kamera kifudifudi majini.

"Kamera yako!" akapiga kelele. "Kimbia uichukue!"

Nilimjibu kwa Kikipsigis. Sikuchagua, ndiyo lugha iliyotoka. Nilimwambia aachane nayo, asukume miguu, asukume. Na yeye akanijibu kwa Kikipsigis hicho hicho, kikiwa na lafudhi ya kwao, kwamba anasukuma, mguu mmoja umelegea. Amewauzia akina mama wa kwetu sweta miaka mingi. Sikuwahi kumsikia akikisema nyumbani.

Mguu ukatoka na sauti kama ya kizibo, wa pili ukaufuata. Tukaanguka wote watatu nyuma, mmoja juu ya mwingine.

"Nyie watu wa bara!" askari akasema alipopata pumzi. "Mwamzika mama mzima kinywani mwa bahari!" Alikuwa amekasirika kweli. Alienda akaivua kamera, akaniletea ikichuruzika maji ya chumvi kama samaki.

Mama mkwe alikuwa amekaa juu ya mchanga mkavu, nywele zimelowa, anatetemeka. Nilimfunika na leso. Alilia kidogo, si kwa sauti. Nilimshika begani, na alipoegemea kwangu nilisikia uzito wake wote. Ni mwanamke mkubwa kuliko anavyoonekana.

"Yeye alitoka tu," akasema. "Alisimama tu akajikung'uta. Mimi nikafikiri ni kitu rahisi."

Kamera ile haikupona. Niliikausha, nikaipeleka Nairobi kwa fundi, akaifungua na kunionyesha ndani palivyoshika kutu ya kijani. Kwa miezi kadhaa nilifanya harusi kwa kamera ya kuazima kutoka kwa mwenzangu wa Bomet, nikaogopa kuigusa. Lakini kadi ya picha ilikuwa salama, na tulijua hilo jioni ile ile, kwa sababu niliifuta na kuichomeka kwenye kompyuta yangu ndogo tukiwa tumekaa kitandani kwake.

Picha nyingi hazikufaa: mimi nimefumba macho, au kofia imefunika uso wake. Moja ilikuwa sawa. Kichwa chake kiko katikati, mdomo wazi, meno yote nje. Mimi niko kando nimejilaza vibaya, dafu limeinama na maji yake yanamwagika kwenye gauni langu, jambo ambalo wakati linatokea sikuliona. Bahari iko nyuma yetu, karibu kuliko nilivyodhani.

Mama mkwe aliitazama sana.

"Haifanani," akasema.

"Hapana."

"Ile yeye hakucheka. Alikuwa amekaza uso kama maiti ya kweli." Akaisogeza kompyuta karibu. "Lakini hii ni nzuri. Hii nitaitaka kubwa."

Siku zilizobaki nilipiga kwa simu, na ni yeye aliyekuwa anakuja na mawazo. Alinipiga mimi kivuli changu kikiwa kimelala juu ya kivuli cha mnazi, mpaka ikaonekana kama nina matawi. Alitaka video ya yeye akitembea kinyumenyume kwenye nyayo zake mwenyewe. Maji ya juu ya kifundo cha mguu hakuyaingia tena.

Tuliporudi Kericho nilimchapishia ile picha, nikaiwekea fremu. Nilidhani ataitundika sebuleni karibu na ile ya baba mkwe. Aliipeleka dukani, akaipigilia msumari kati ya sweta za kijani na sweta za maruni, mahali ambapo kila anayeingia lazima aione. Wateja walikuwa wanacheka, wanauliza, na yeye anawapa jibu tofauti kila mara kulingana na mteja.

Shule zilipokaribia kufunguliwa, mama yangu mzazi alikuja kutoka Roret kuwanunulia watoto wa kaka yangu sweta. Mimi nilikuwa hapo dukani, nimeleta chai kwa chupa. Mama alisimama mbele ya picha, akaiangalia kwa karibu, akacheka akaweka mkono mdomoni.

"Huyu ni wewe?" akamwuliza mama mkwe.

"Ni mimi."

"Na nani alikudanganya uingie huko?"

"Nilikuwa na nyingine ya zamani. Bwana yangu ndiye alikuwa ndani, na mimi hapo kando. Hii ilikuwa ya kumuiga."

"Ile ya zamani iko wapi? Tulinganishe."

Mama mkwe alikuwa anakunja sweta. Aliendelea kuikunja, mkono mmoja kisha mwingine. "Iliungua na nyumba," akasema.

Nilikuwa nimeshika kikombe. Niliona mama yangu anajua nyumba ipi na wakati upi, kama mimi nilivyojua chini ya makuti. Alishusha mkoba wake kaunta. Nilingoja aanze kuongea juu ya mvua.

"Pole," mama yangu akasema. "Pole sana, mama. Tulisikia. Tulisikia na hatukuja."

Mama mkwe aliiweka ile sweta juu ya nyingine, akailainisha kwa kiganja. Kisha akavuta stuli kutoka chini ya cherehani, akaisukuma upande wa pili wa kaunta.

"Kaa," akasema. "Chai iko."

Mama yangu akakaa. Nikawamiminia. Halafu nikamsikia mama yangu anauliza marehemu alikuwa mtu wa namna gani, na mama mkwe akaanza na lori: lilivyokuwa kubwa, jinsi alivyopandishwa mbele na kuketi juu ya mto ili aone barabara, jinsi nguo zake zilivyonuka chai mpaka Mombasa na kurudi. Mteja aliingia na mtoto, na kwa kuwa wao hawakugeuka, nilimhudumia mimi. Nilimpa mtoto sweta bila kumpima vizuri, nikiwa nimetega sikio upande ule mwingine. Kesho yake ilirudishwa. Mikono ilikuwa imepita vidole.